Amana za Tabora

Wasomaji wetu wengi waijua Tabora kwa miembe yake, kwa asali yake, na kwa stesheni yake, mahali reli ya kati igawanyikapo, njia moja ikielekea Kigoma na nyingine Mwanza. Leo twapenda kuwaeleza habari nyingine ya mji huo, isiyoonekana upesi na msafiri apitaye. Tabora ni mji wa amana. Tangu zamani za misafara watu wa mbali waliweka mali zao pale, wakafunga safari, wakitumaini kuzikuta siku ya kurudi. Wengine walizikuta. Wengine walikuta mlango umevunjwa na ghala tupu. Katika habari za hao waliokuta na hao waliokosa mna mafundisho kwa kila nyumba iwekayo akiba, na kwa kila mwalimu afundishaye watoto hesabu.

Mtu asikiapo neno benki hufikiri nyumba yenye askari mlangoni, dirisha la kioo, na karani ahesabuye noti. Lakini kazi ya benki ni nini? Ni kupokea mali ya mtu na kuitunza. Ni kumkopesha mwingine kwa ahadi. Na ni kumwezesha mtu aliye mahali pamoja kulipa deni lililo mahali pengine. Kazi hizo zote tatu zilifanywa Tabora miaka mingi kabla ya kujengwa nyumba ya namna hiyo. Na kama vile benki ya leo ilivyo na makao makuu na matawi, ndivyo ilivyokuwa zamani: Tabora ilikuwa tawi, na shina lake lilikuwa katika kisiwa kidogo cha Unguja.

SHINA KISIWANI, TAWI BARANI

Katikati ya karne ya 19 wafanyi biashara wa Kiarabu na wa Kihindi walikuwa wamekwisha kukaa katika nchi ya Unyanyembe, mahali palipoitwa Kazeh, nao wenyeji Wanyamwezi walikuwa wakiijua njia ya pwani tangu zamani kwa miguu yao wenyewe. Burton na Speke walipofika huko tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wametembea siku 134 tangu pwani. Walikaribishwa na Mwarabu jina lake Snay bin Amir, naye akawapa nyumba, akawatafutia wapagazi, akawatunzia mizigo. Tena alikuwako Mhindi, Musa Mzuri, mwenye biashara kubwa ya pembe. Watu wa namna hiyo ndio waliokuwa makarani na watunza hazina wa mji, ijapokuwa hakuna aliyewaita hivyo.

Basi mali yao ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka Unguja kwa mkopo. Matajiri wa Kihindi kisiwani, kama nyumba ya Jairam Shivji iliyoshika forodha ya Sultani kwa miaka mingi, na baadaye Taria Topan, waliwapa wasafiri nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Msafiri hakulipa siku ile. Alitoa neno lake na hati, akaenda bara, akanunua pembe za ndovu, na arudipo alilipa deni pamoja na faida yake. Pengine ilipita miaka miwili au mitatu, pengine zaidi, kabla tajiri hajaona pembe hata moja. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana sana kwa jina la Tippu Tip, na ambaye baba yake alikaa Tabora, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Humo mtu aona jinsi madeni na matajiri yalivyofuatana naye safari baada ya safari. Taria Topan alikuwa mmoja wa wakopeshaji wake wakubwa.

Lugha yetu yenyewe yashuhudia jambo hili. Mali iliyotolewa kwa ahadi iliitwa mali kauli, kwa kuwa dhamana yake ya kwanza ilikuwa kauli ya mtu. Neno hundi tulipewa na wafanyi biashara wa Kihindi. Maneno hawala, amana na wakala yametoka kwa Waarabu. Maneno haya yalikuwa yakisemwa katika njia ya misafara kabla ya neno benki kujulikana na watu wa bara. Nayo benki ya kizungu ilipofika, ilianza palepale penye shina: mwaka 1892 National Bank of India ilifungua tawi lake Unguja.

FEDHA YA NGUO NA USHANGA

Watoto wetu wa shule huuliza: Kama hapakuwa na shilingi, watu walinunuaje chakula? Jibu ni kwamba msafara ulibeba fedha yake kichwani. Nguo nyeupe iliyofumwa Marekani iliitwa merikani, na jina hilo lingaliko. Nguo nyeusi ya Kihindi iliitwa kaniki. Kipimo chake kilikuwa mkono, toka kiwiko cha mtu hata ncha ya kidole chake cha kati: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Mpagazi wa Kinyamwezi aliweza kuchukua mzigo wa frasila mbili, yaani ratili 70, siku baada ya siku, pamoja na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Kila mzigo ulipungua njiani, maana palikuwa na posho ya watu, na tena palikuwa na hongo, hasa katika Ugogo, ambako kila mtemi alidai haki yake kwa maji na kwa ruhusa ya kupita.

Shanga zilikuwa fedha ya vitu vidogo, kama senti zetu. Lakini hapa palikuwa na mtego kwa mgeni. Stanley, alipokuwa akijitayarisha kwa safari yake mwaka 1871, ilimpasa kujifunza kwanza ni ushanga gani upendwao katika nchi gani. Ushanga mwekundu, uitwao samesame, ulikuwa na thamani katika Unyamwezi. Ushanga mweusi ulipokewa Ugogo, lakini mbele ya hapo haukununua hata kibaba cha mtama. Mtu angeweza kufika na mizigo kumi ya ushanga wa rangi isiyotakiwa, akafa njaa katikati ya utajiri wake.

Twaomba walimu waliangalie neno hili vizuri, maana ndilo mzizi wa habari yote. Ushanga mweusi haukuharibika ulipovuka mpaka wa Ugogo. Haukupoteza rangi wala uzito. Kilichopotea ni makubaliano ya watu. Fedha ya kila namna, iwe nguo, iwe ushanga, iwe dhahabu, iwe karatasi, hununua kwa sababu yule aipokeaye anaamini kwamba na mwenzake ataipokea. Imani hiyo ikiondoka, kinachobaki mkononi ni kitu tu.

GHALA LA KWIHARA

Kiasi cha mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu kutoka Tabora mjini ndipo palipo Kwihara. Huko lingaliko tembe, nyumba ya kuta nene za udongo na paa la bapa, iliyotengenezwa upya na kufanywa makumbusho. Tulipoingia ndani tuliona baridi yake nzuri mchana wa jua kali, tukafahamu kwa nini wenye mali walijenga hivyo: ukuta mnene huzuia joto, huzuia moto, na huzuia mwizi. Chumba kimoja katika nyumba ya namna hiyo kiliwekwa kuwa ghala, kisicho na dirisha, na ufunguo wake ulikaa kwa mwenye kuaminiwa.

Stanley alifika hapo tarehe 23 Juni 1871, siku 84 baada ya kutoka Bagamoyo. Haukupita muda mrefu, vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu vikafunga njia ya Ujiji. Mwezi wa Agosti watu wa Mirambo waliingia Tabora yenyewe, sehemu ya mji ikateketezwa, na pembe na nguo zikachukuliwa. Kwa hiyo hata ukuta mnene una mwisho wa nguvu zake.

Lakini amana ya watu haipotei kwa vita peke yake. David Livingstone alikuwa ametumiwa mali kutoka Unguja, ili azikute Ujiji. Aliporudi huko mwezi wa Oktoba 1871, mgonjwa na mchovu, alikuta kwamba Sherifu, mtu aliyekabidhiwa mali hizo, ameziuza zote. Mtu huyo alisema amepiga bao, na bao likamwambia mwenye mali amekufa. Livingstone aliandika kwamba katika yadi 3,000 za nguo hakuachiwa hata yadi moja, na katika ratili 700 za shanga hakuachiwa hata uzi mmoja. Mtu aliyejulikana na mataifa akawa ombaomba kwa siku moja, kwa sababu mlinzi wake aliona faida katika kifo chake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari 1872, Livingstone na Stanley walifika pamoja Unyanyembe. Hapo palikuwa na mali nyingine za Livingstone, zilizowekwa kumngojea. Ghala lilikuwa limefunguliwa. Mchwa walikuwa wamekula mbao za bunduki. Na chupa za mvinyo wa dawa zilikuwa zimevunjwa ili ionekane kwamba zimevunjika kwa bahati mbaya. Lakini vizibo vilivyokutwa vilikuwa vya magunzi ya mahindi, wala si vile vya asili. Mwizi alikunywa kwanza, akaziba kwa gunzi, kisha akavunja chupa kuficha kosa. Wasomaji watacheka, nasi tulicheka tuliposoma. Lakini kila mwenye kutunza sanduku la chama na alitazame gunzi lile vizuri. Wizi wa amana mara nyingi haufanywi kwa kuvunja mlango usiku. Hufanywa na mwenye ufunguo, mchana, kidogo kidogo, na kazi yake kubwa ni kuficha.

ORODHA YA JACOB WAINWRIGHT

Twamshukuru Mungu kwamba njia hiyo hiyo inayo habari nyingine. Livingstone aliagana na Stanley mwezi wa Machi 1872, akangoja Kwihara miezi mitano, hata wapagazi wapya walipofika kutoka pwani, ndipo alipoondoka tarehe 25 Agosti. Akafa kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mnamo tarehe 1 Mei 1873. Watumishi wake wakabaki na maiti ya bwana wao na masanduku yake, mbali na pwani, bila askari wa kuwalazimisha wala hakimu wa kuwauliza. Kama wangegawana vitu na kwenda zao, nani angalijua?

Walifanyaje? Walimwita Jacob Wainwright, kijana wa Kiafrika aliyesomeshwa katika shule ya Nasik huko Bara Hindi, naye akafungua masanduku mbele ya wote, akaandika orodha ya kila kitu kilichokuwamo. Kisha wakakausha mwili, wakaufunga, wakauchukua. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza Cameron, aliyewashauri kuzika maiti hapo. Walikataa. Waliazimia kuirudisha amana mahali pake.

Mbele ya Unyanyembe walisikia kwamba watu wa njiani hawatakubali maiti ipite. Basi Susi na Chuma na wenzao wakafanya hila. Walichukua mabua ya mtama, wakayafunga mfano wa maiti, wakawatuma watu warudi nayo nyuma kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe wakaufunga upya katika umbo la mtumba wa nguo, kama mzigo mwingine wowote wa merikani. Hivyo mwili wa Livingstone ulipita katika njia ya misafara kwa sura ya fedha ya njia ile, wala hakuna aliyeugusa. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili ukazikwa London, Jacob Wainwright akiwa miongoni mwa wachukuaji wa jeneza.

Sisi twaona kwamba orodha ile iliyoandikwa kwa Chitambo ni daftari bora kuliko madaftari mengi ya matajiri. Ilikuwa na mambo matatu: vitu vilihesabiwa mbele ya mashahidi; vikaandikwa siku ileile, kabla ya mtu kusahau au kushawishika; na mwandishi hakuwa peke yake. Mahali mambo hayo matatu yapo, hata jangwani pana benki. Mahali yasipokuwapo, hata nyumba ya mawe ni ghala la magunzi.

DENI LILILOLIPWA KWA WATU

Haifai tusifu biashara ile na kunyamaza juu ya uovu wake. Pembe ilihitaji mchukuzi, na deni la Unguja lilihitaji faida. Wapagazi Wanyamwezi wengi walikuwa watu huru waliopatana ujira wao. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo shingoni, waliotekwa vitani au kutwaliwa kwa deni la ndugu zao, wakahesabiwa pamoja na pembe katika kulipa mkopo. Mtu mwenyewe alifanywa fedha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kabisa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922.

Kila mkopo una swali hili ndani yake: Utalipwa kwa kitu gani, na jasho la nani? Tajiri aliyeketi barazani Unguja hakuuona mnyororo. Aliona hesabu tu. Nasi leo, mtu akikopa kwa kuweka shamba la watoto wake kuwa rehani, wao wasijue, amekaribia barabara ile ya zamani kuliko anavyodhani.

RUPIA NA KODI

Wadachi walipandisha bendera yao Tabora mwaka 1890. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana nao, na ngome yake ilipovunjwa mwezi wa Januari 1893 alijilipua kwa baruti kuliko kutekwa. Baada ya hapo ikaja kodi ya nyumba, mwaka 1898, nayo ilitakiwa kwa rupia. Hapo nguo na ushanga vilianza kushuka. Mtu aliyeweza kuishi kwa mtama wake, asali yake na ng'ombe wake, sasa ilimlazimu kupata kipande cha fedha chenye sura ya mfalme wa mbali, na njia ya kukipata ilikuwa kwenda kufanya kazi ya ujira. Wanyamwezi wengi wakashuka tena njia ya pwani, safari hii bila pembe, wakaenda mashambani Usambara na katika kazi ya reli.

Hapo mwanzo rupia moja iligawanywa kuwa pesa 64. Mwaka 1904 ikabadilishwa kuwa heller 100. Mwaka 1905 ikaundwa benki ya kwanza ya koloni, Deutsch-Ostafrikanische Bank, nayo ikatoa noti. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwezi wa Februari 1914. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku chache. Mpagazi alitua mzigo wake, na noti moja ndani ya bahasha ikabeba thamani ya mitumba ishirini. Ajabu kubwa! Lakini karatasi hiyo ilikuwa na thamani muda aliyeahidi kuilipa alipokuwapo.

NDOVU WA DHAHABU

Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na sarafu na noti kutoka Ulaya zikakoma. Serikali ya Wadachi ilihitaji fedha ya kuwalipa askari na wapagazi na kununua chakula. Kwanza ikachapa noti za muda humu nchini. Juu ya baadhi yake jina la Tabora liliandikwa pamoja na la Dar es Salaam. Karatasi nzuri ilipokwisha walitumia karatasi ya namna yoyote iliyopatikana. Mwaka 1917, walipokuwa wamekwisha kukimbilia porini upande wa kusini, noti zilipigwa chapa kwa herufi ndogo za mpira.

Mwaka 1916 Tabora, iliyokuwa makao ya serikali wakati huo, ikawa na kiwanda cha fedha katika karakana ya reli. Hapo zilifuliwa sarafu za heller 5 na heller 20, za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, zenye herufi T, alama ya Tabora. Kisha wakafua dhahabu iliyotoka machimbo ya Sekenke katika nchi ya Iramba: sarafu ya rupia 15, upande mmoja tai wa Wadachi, upande wa pili ndovu ameinua mkonga, na nyuma yake mlima. Zilifuliwa kadiri ya 16,000 tu. Ndovu huyo alistahili kuwekwa, maana pembe yake ndiyo iliyoujenga mji.

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora. Sasa fikirini, wasomaji wetu, watu wawili katika mji ule asubuhi hiyo. Mmoja anayo sarafu ya ndovu, mwingine anayo noti ya muda, aliyopewa kwa ng'ombe wake au kwa miezi ya kubeba mizigo ya vita. Jana walikuwa watu wawili wenye fedha. Leo wa kwanza angali na dhahabu, na dhahabu yapimwa kwa mizani popote. Wa pili anayo ahadi ya mtu aliyekimbia. Serikali iliyotia sahihi haikuwapo tena mjini, wala hapakuwa na mlango wa kubisha hodi na kudai malipo. Ushanga mweusi ulikuwa umevuka mpaka wa Ugogo mara ya pili.

Leo sarafu zile za ndovu hutafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale katika nchi nyingi, na hununuliwa kwa bei kubwa. Jasho la yule mwenye noti halikupata mnunuzi.

KITABU KIDOGO CHA POSTA

Chini ya Waingereza fedha ilibadilika upesi. Bodi ya sarafu ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1919. Mwaka 1920 ikaja florini, na mwaka 1921 shilingi, ambayo jina lake twalo hata leo. Mtu mzima wa Tabora aliyezaliwa wakati wa misafara aliweza kusema kwamba katika maisha yake amehesabu kwa doti, kwa rupia ya pesa, kwa rupia ya heller, kwa karatasi ya vita, na kwa shilingi. Si ajabu wengi walipendelea kufukia akiba yao katika chungu chini ya kitanda, au kuigeuza kuwa ng'ombe.

Mwaka 1925 ilianzishwa benki ya akiba ya posta katika Tanganyika. Kwetu sisi hii ilikuwa hatua kubwa kuliko ndovu wa dhahabu, maana haikuwa ya matajiri wa pembe. Mwalimu wa shule, mpagazi wa stesheni, mjane mwenye mizinga ya nyuki, kila mmoja aliweza kuleta shilingi chache dirishani, karani akaandika katika kitabu kidogo, akapiga muhuri. Kitabu kilikaa kwa mwenye mali, na hesabu ya pili ilikaa posta. Hivyo mashahidi walikuwa wawili, na hakuna mmoja aliyeweza kubadili tarakimu bila mwenzake kumshitaki. Ilikuwa orodha ya Jacob Wainwright imefanywa sheria. Benki hiyo iliendelea kubadilika kwa vizazi, na tangu mwaka 2021 yaitwa Benki ya Biashara Tanzania.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na nchi ikapata shilingi yake yenyewe. Mwezi wa Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki za biashara za watu binafsi zilitwaliwa na taifa, na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mwaka 1997 benki hiyo iligawanywa, na benki mbalimbali zikapata tena nafasi. Leo mtu atembeaye Tabora mjini huona matawi kadhaa, na shina lao si Unguja tena bali Dar es Salaam.

WAKALA AMERUDI

Lakini neno la zamani limerudi na nguvu mpya. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza Tanzania, na huduma nyingine za namna hiyo kufuata, katika kila mtaa wa Tabora na katika vijiji vya barabara ya kale mna kibanda kilichoandikwa WAKALA. Mkulima wa tumbaku au muuza asali hupokea fedha katika simu, na mtoto wake aliye shuleni mbali hupata ada siku hiyo hiyo. Snay bin Amir angefahamu kazi hiyo bila kuelezwa: kupokea hapa, kulipa kule, na kuaminiwa katikati.

Naye Sherifu wa Ujiji amerudi pia. Hana bao tena, anao ujumbe wa simu: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Hamjui amwandikiaye, ila ajua kwamba mtu fulani, mahali fulani, anangoja kumtumia ndugu yake fedha. Wengi wamepoteza ada za shule kwa maneno hayo machache.

Kwa hiyo twawaomba walimu wafundishe jambo hili pamoja na kujumlisha na kutoa. Kila mtoto wa darasa la juu awe na daftari lake la mapato na matumizi, hata kama mapato yake ni yai moja la kuku. Tena ajue kwamba namba ya siri haitajwi kwa rafiki, wala kwa wakala, wala kwa mtu asemaye ametumwa na kampuni.

Nao wazazi tunawaomba hivi. Mume na mke waijue akiba yao wote wawili, na mahali ilipo, na deni lililo juu yake. Mauti haitoi taarifa, na watoto wengi wamedhulumiwa na ndugu kwa kuwa baba alikufa na hesabu yake kichwani. Andikeni orodha: shamba, ng'ombe, kitabu cha benki, fedha ya chama, nani anawadai nanyi mnamdai nani. Itieni sahihi mbele ya shahidi, na nakala ya pili iwekwe kwa mtu mwaminifu.

Na ninyi mlio katika vikundi vya kuweka na kukopa, mnalijua sanduku lile lenye kufuli tatu, na funguo zake kukaa kwa watu watatu tofauti, lisiweze kufunguliwa ila wote wakiwapo na fedha ikahesabiwa kwa sauti. Msiuvunje utaratibu huo kwa kuwa mweka hazina ni mtu mwema. Hasa kwa kuwa ni mtu mwema, msimwachie funguo zote tatu.